Kura ya Maji ya Mgongo

Nilikuwa mwalimu wa Biolojia, na katika yote niliyofundisha hakuna lililonipa majivuno kama zile tando tatu zinazoufunika ubongo. Moyo kila mtu anaufundisha. Figo hata katekista anazijua. Lakini tando za ubongo zilikuwa zangu. Kila mwaka kidato cha tatu kilipofika hapo, nilipitia asubuhi kwa mchinjaji niliyemzoea pale Huruma, pembezoni mwa mji, nilikokuwa nimepanga chumba, nikanunua kichwa cha kondoo, nikakifunga kwa gazeti, nikaingia nacho darasani nimekibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka keki harusini.

Tulikipasua kwa msumeno wa seremala. Chini ya fuvu ulijitokeza utando wa kwanza, mweupe, mgumu, umeng'ang'ania mfupa, na niliwapa wanafunzi wembe mpya wajaribu kuukata ili wajionee wenyewe. Chini yake wa pili, mwembamba, umefumwa mithili ya nyumba ya buibui, na ndiyo sababu wataalamu waliupa jina la buibui. Wa tatu ulikuwa umenata juu ya ubongo wenyewe na kufuata kila kunjo lake, kama ule unaoshika juu ya maziwa yakishachemka. Kati ya huo wa buibui na huo wa ndani mna maji, masafi kabisa, na ubongo unaelea humo. Kisha niligeukia ubao, nikachora jinsi tando hizo hizo na maji hayo hayo yanavyoshuka ndani ya mifupa ya mgongo, yakiuzunguka ugwe wa neva mpaka karibu na kiuno.

Hapo nilikuwa na maneno yangu ya kila mwaka. Ugwe, niliwaambia, unaishia juu kidogo ya kiuno, lakini mfuko wa maji unaendelea chini zaidi. Daktari akitaka kuyapima maji hayo anachoma sindano pale chini, ambapo hapana ugwe wa kuharibu, kuna nyuzi za neva tu zinazoelea na kuipisha sindano. Wanafunzi waliandika. Mimi nilipangusa chaki mikononi polepole, nikiwapa nafasi ya kunistaajabia. Kichwa cha kondoo kilipelekwa jikoni, na walimu wenzangu walikuwa wakisema kwamba Biolojia ndilo somo pekee lenye supu.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa mlolongo. Kwa asiyeukumbuka, kura ya siri ilikuwa imewekwa kando. Mpiga kura alisimama uwanjani, mchana kweupe, kwenye laini nyuma ya mtu wake au ya picha ya mtu wake, kisha wakaja watu wa kuhesabu. Kwetu, kule upande wa Chepsaita, mhesabuji mkuu alikuwa baba yangu mdogo. Alikuwa mwenyekiti wa lokesheni nzima wa chama pekee kilichoruhusiwa, na tangu baba afariki alikuwa pia mwenyekiti wa ukoo wetu, wadhifa ambao hakuugombea na hakuna aliyesimama kumpinga. Beji ya chama haikutoka kwenye ukosi wa koti lake hata akienda kukamua ng'ombe.

Siku ile uwanja wa shule ya msingi ulikuwa na laini mbili. Moja ilipinda ikapita goli, ikapita vyoo, ikaenda kuishia kwenye ua wa miiba ya kayaba wa mwalimu mkuu. Nyingine ungeweza kuipakia yote kwenye pikapu na bado ukabakiza nafasi ya mbuzi. Baba mdogo alizipitia zote mbili kwa fimbo yake, akasafisha koo, akatangaza kwamba ile fupi ndiyo iliyoshinda. Watu walicheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Mama yangu alikuwa kwenye laini ndefu, karibu na vyoo. Jioni nilipomuuliza mambo yalikwendaje, alisema jua lilikuwa kali.

Haukupita muda mrefu nikaugua. Niliamka kichwa kinanigonga, mwili unawaka, na ule mwanga mdogo unaopenya kwenye mabati ukaniingia machoni kama pilipili. Nilijaribu kuinamisha kichwa nitazame vidole vyangu vya miguu, shingo ikakataa. Nilijua ni nini. Nani angejua kama si mimi? Ni tando zangu, zile zile, zilikuwa zimewaka moto. Mganga hajigangi, na mwalimu wa Biolojia hata kusimama hakuweza. Mchumba wangu, mwalimu wa Hisabati aliyetoka upande wa ziwa, alikuja kuniangalia baada ya kipindi cha asubuhi, akanikuta nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Hakuuliza maswali. Alitafuta pikapu ya maziwa iliyokuwa ikirudi mjini na mitungi mitupu, akanilaza kati ya mitungi hiyo, akanifikisha hospitalini.

Daktari alikuwa kijana mwembamba aliyeletwa karibuni tu. Aliushika utosi wangu, akajaribu kunipindisha shingo, nikapiga ukelele. Akasema anataka kutoa maji ya mgongo upesi, ajue ni vijidudu gani, aanze dawa inayofaa. Kama angetulia hapo tusingekuwa na kisa. Lakini alikuwa kijana mwenye adabu, akasema kwanza ataongea na jamaa zangu.

Na jamaa zangu walikuwa wameshafika. Habari ilikuwa imepanda gari kwenda Chepsaita, na adhuhuri lori la mahindi lilimwaga ukoo mzima kwenye lango la hospitali: wajomba, mashangazi, binamu, mama yangu, na baba mdogo mbele yao na fimbo yake.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu, mtu akitolewa maji ya mgongo, tunaanza kuchanga za jeneza. Kila mtu alimjua fulani aliyechomwa sindano ya mgongo akafa, au akaishi bila miguu. Na kweli walikufa. Walipelekwa hospitalini baada ya mitishamba kushindwa, maombi kushindwa, na gari kukosekana, wakachomwa sindano wakiwa wameshashika njia, na lawama zote zikaiangukia sindano. Kwa hesabu hiyo hata kanisa linaua, maana kila maiti lazima apitishwe humo.

Baba mdogo aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda changu. "Daktari," akasema, "huyu kijana ni wetu. Hakuna mtu atamtoboa mgongo hapa."

"Mzee, akikaa bila hiyo sindano ni hatari," daktari akasema. "Tunataka tu hiyo maji kidogo tupime."

"Hiyo maji Mungu aliweka ya nini, kama si ya kukaa huko ndani? Wewe ni mgeni hapa. Unataka kutumwa kule kwa ngamia?"

Daktari aliingiza mikono mifukoni. Miaka ile mwenyekiti wa chama hakuhitaji kupaza sauti; neno lake moja lingemhamishia mtu jangwani, kwa ngamia, kabla hajafua soksi. Nikaona kwamba ikiwa nataka kuishi lazima nijitetee mwenyewe. Nikajiinua kwa viwiko. "Mimi nakubali!" nikasema. "Nichomwe sasa hivi!"

"Homa," akasema baba mdogo.

"Si homa! Nina akili zangu! Sindano haigusi ugwe! Ugwe umeishia juu! Kuna utando mgumu, halafu kuna wa buibui, halafu maji, wanaingia hapo kwa maji tu! Ni hiyo buibui imeshika moto!"

Shangazi mmoja mlangoni akaanza kulia. Muuguzi aliniwekea kitambaa baridi kwenye paji la uso, akamwambia daktari kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa ameanza kuweweseka.

"Mmesikia?" baba mdogo akawageukia watu. "Anasema kuna buibui kwa kichwa yake, na inaungua. Na huyu ndiye atatuambia achomwe ama asichomwe?"

Nimefundisha watoto wengi, wavivu na werevu, na somo lile nimelifundisha vizuri. Lakini sijawahi kulifundisha kwa bidii kama siku ile, wala kulifeli namna ile. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kuthibitisha kwamba nimerukwa na akili. Nilikasirika nikatukana, na hilo likamaliza ubishi wote.

Mchumba wangu ndiye aliyebaki kunisemea. Alimwambia baba mdogo, kwa heshima, kwamba kungoja kutaniua. Baba mdogo alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mzee bila kujua, akamkumbusha kwamba harusi bado. Kisha akasema hataki watu waseme kwamba yeye ni dikteta. Mambo yataamuliwa na familia nzima, kwa uwazi, hapo nje. Kwa mlolongo.

Nilidhani sasa ni kweli naweweseka. Lakini walitoka wote, mama yangu akiwa wa mwisho, na kupitia dirishani nikamsikia baba mdogo akiwapanga: wanaotaka kijana atobolewe wasimame nyuma ya huyu dada, wanaotaka kijana apone wasimame nyuma yake yeye. Hivyo ndivyo alivyolitunga swali.

Dirisha lilikuwa upande wangu wa kushoto na shingo yangu haikugeuka. Kwa bahati, kwenye kitanda jirani kulikuwa na mzee aliyevunjika mguu, ambaye hakuwa na kazi wala burudani tangu afungwe plasta. Alijivuta akaegemea dirisha, akanitangazia kura yangu kama mpira wa redioni.

"Wanajipanga... Wanajipanga kwa yule mzee wa beji... Laini inakua, inakua, imefika kwa kamba ya nguo... Wale vijana wawili wa lori pia wameingia."

"Na nyuma ya dada?"

"Dada amesimama."

"Nyuma yake nauliza."

"Nyuma yake kuna ukuta, mwalimu."

"Na mama yangu? Mama mwenye kitambaa cha kijani kichwani?"

Mzee alichungulia tena nje. "Yuko mwisho," akasema. "Mwisho wa ile ndefu."

Wengi wape, wahenga walisema, na mimi ndiye niliyekuwa karibu kupewa hao wengi. Nilitazama dari, maana shingo haikuniachia pengine pa kutazama. Iliniuma, nisifiche. Wengine wote niliwasamehe hapo hapo, hawakujua. Lakini mama nilidhani angalau angekaa kando, angejifanya anatafuta choo. Baadaye nilielewa kwamba mjane anayekaa kwenye shamba la ukoo hasimami mbele ya macho ya watu kumpinga shemeji yake. Mlolongo ulibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye, ili waonekane wamesimama wapi. Wakati ule sikuelewa. Niligeuza macho ukutani nikalia.

Na nikafikiria zile tando. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kazi yake ni kulinda, na hakuna mwaka hata mmoja nilioongeza upande wa pili: kwamba vijidudu vikishaingia ndani vinalindwa nazo, na dawa inabaki mlangoni ikipiga hodi. Ndivyo nilivyokuwa siku ile, nimezungukwa na watu wa kunilinda, wamejipanga mpaka kwenye kamba ya nguo.

Baba mdogo alihesabu, kwa sauti, akatangaza matokeo. Watu wakapiga makofi kidogo, kisha wakanyamaza walipokumbuka wako wapi. Alitaka kuingia kumletea daktari uamuzi, lakini bawabu alisema saa za kuona wagonjwa zimekwisha na ataingia mtu mmoja tu, mzazi. Beji haikumsaidia, bawabu naye alikuwa na shemeji yake chamani, mkubwa zaidi.

"Haya, Mama," baba mdogo akasema. "Ingia wewe. Mwambie huyo daktari familia imekataa."

Mama aliingia. Kwanza alikuja kwangu, akaweka kiganja chake shavuni pangu. Mkono ulikuwa baridi na ulinuka moshi. Akamgeukia daktari aliyekuwa amesimama kando, ameficha mikono mifukoni.

"Daktari," akasema, "watu wamekubali."

Daktari alimtazama. "Wamekubali, Mama?"

"Wamekubali. Toa hiyo maji."

Mzee wa mguu alikuwa bado dirishani. "Lakini, Mama," akaanza, "mimi nimeona hapa na macho yangu..."

Mama alimgeukia. Sikuuona uso wake, lakini kwa pembe ya jicho nilimwona mzee akiuona. Alishuka kutoka dirishani taratibu, akarudisha mguu wake kitandani.

"Nimeona na macho yangu," akamaliza, "wamekubali wote."

Daktari hakuwa mjinga. Dirisha lilikuwa wazi na yeye pia alikuwa na masikio. Alileta karatasi mwenyewe, na mama akaweka kidole gumba. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, si kwa daktari wala kwangu, ni kama alikuwa akimjibu mtu mwingine: "Dada yake hakuchomwa."

Nilikuwa na dada. Alikufa mimi nikiwa mdogo, nyumbani Chepsaita, shingo yake imepinda kwenda nyuma na macho hayataki mwanga. Kwetu tulisema alipigwa na upepo mbaya. Hakuna sindano iliyomgusa, kwa hiyo hakuna sindano iliyolaumiwa, na kifo chake hakikuingia katika hesabu ya mtu yeyote isipokuwa ya mama.

Walinikunja, magoti kwenye kifua na kidevu kwenye magoti, muuguzi akanikumbatia nisitikisike. Nilihisi sindano ikiingia, ikakutana na kitu kigumu, ikasukumwa, ikapenya. Utando mgumu, nikawaza, na hata katika hali ile nilipata majivuno kidogo kuutambua. Kisha maji yakadondoka kwenye chupa. Mwanafunzi wangu yeyote angekuambia yanapaswa kuwa maangavu kama ya mvua. Yangu yalitoka kama maji uliyooshea mchele. Daktari aliinua chupa kwenye mwanga, akaenda mwenyewe kuchota dawa.

Saa za jioni za kuona wagonjwa zilipofunguliwa ukoo uliingia. Baba mdogo aliiona plasta nyuma ya kiuno changu kabla hajaniona mimi.

"Hii ni nini?" akauliza. "Nani alisema ndio? Tulihesabu! Laini yetu ilikuwa inafika kwa kamba ya nguo!"

Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda, akinikanda miguu. Hakusimama. "Chairman," akasema, "ni lini laini ndefu ilianza kushinda?"

Wodi nzima ilisikia. Mzee wa mguu alijifunika blanketi usoni, na blanketi likawa linatikisika. Maneno kama hayo miaka ile yaliwapeleka watu mahali ambapo hata ngamia hawafiki, na ili kumshtaki mama baba mdogo angelazimika kueleza ni laini gani, ya wapi, na ilihesabiwa na nani. Akagusa beji yake kama mtu anayehakikisha kifungo kiko mahali pake. "Kijana anakula?" akauliza hatimaye. Mama akasema bado, labda kesho uji.

Nilipona. Shingo ililegea, macho yakastahimili mwanga, na miguu yangu, ambayo ukoo ulikuwa umeshaiaga, ilinibeba mpaka nyumbani. Kwenye ibada ya shukrani baba mdogo alisimama akaeleza jinsi familia ilivyokaa chini na kukubaliana kwa kauli moja mgonjwa atolewe maji ya mgongo. Tulipiga makofi. Mchumba wangu alipiga kwa nguvu kuliko wote. Yeye ndiye aliyekuwa kauli moja yenyewe. Alikuja kuwa mke wangu, na mpaka leo tukibishana jambo anasema yeye hushinda hata akiwa laini ya mtu mmoja.

Sikio langu la kushoto ndilo halikurudi. Daktari alisema ugonjwa ule hupenda kuondoka na kitu, na kwamba tungeianza dawa mapema labda lingesalia. Alisema polepole, mama akiwa amekaa karibu, na nilitamani asingesema mbele yake. Nilikuwa tayari kusikia dunia kwa upande mmoja. Wengi wetu miaka ile tulikuwa tukiisikia hivyo na masikio yote mawili mazima.

Mama hakuizungumzia tena siku ile. Lakini miaka ilipokwenda na yeye kuzeeka, niligundua kwamba tukimtembelea hupenda kuketi upande wangu wa kushoto, na kuna wakati midomo yake inacheza huku mimi ninakunywa chai. Nilidhani anaomba, au anahesabu kuku. Siku moja tulipokuwa tunarudi mjini mke wangu, ambaye alikuwa ameketi karibu na mama, alitazama nje ya dirisha njia nzima. Tulipofika nilimwuliza kuna nini. Akaniambia mama anasema maneno yale yale kila mara: "Hata mimi nilisimama kwa ile laini, mtoto wangu. Nilisimama kwanza, ndio nikaenda kwa daktari."

Safari iliyofuata niliwahi kiti cha kushoto mimi mwenyewe, ili mama akae upande wa sikio zima. Alikaa. Alitazama kiti, akanitazama mimi, akanimiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Kisha akaniambia mahindi mwaka huu yameliwa sana na funza.